Njooni Kesho

Benchi ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha fundi viatu, ubavuni mwa nyumba yake. Anayeinuka bila kuaga humwangusha wa upande wa pili, kwa hiyo wazoefu hukaa kwa mpango. Mwisho mmoja hukaa Mwalimu, aliyestaafu kufundisha bila kustaafu kusahihisha, ambaye hoja yake iwe fupi namna gani lazima aifunge kwa neno "nukta". Mwisho wa pili hukaa Waziri, kinyozi wa chumba cha jirani. Hajawahi kuchaguliwa hata kuwa mweka hazina wa kikundi cha mazishi, lakini huzungumza kama mtu aliyetoka kikaoni sasa hivi. Katikati huachiwa Birika, muuza kahawa, ambaye hufika na mzigo wake wa moto, humimina, na badala ya kuendelea na njia hukaa. Fundi mwenyewe huwaelekea, kwenye kigoda, kiatu cha mtu kikiwa kimevalishwa mguu wa chuma mbele yake. Wanamwita Gundi. Wageni hudhani ni kwa sababu ya kazi. Waliowahi kubishana naye wanajua sababu: akishashika neno, habanduki.

Asubuhi hiyo, siku moja kabla ya mkesha wa Krismasi, Waziri alifika na kitambaa cha kunyolea bado begani, na hakungoja hata kukaa.

— Gundi, ni kweli jana ulimwambia Mariamu aje kesho?

Gundi alikuwa na misumari mdomoni. Alitikisa kichwa kwa namna ambayo si ndiyo wala si hapana.

— Nimesikia kwa wateja watatu, — Waziri aliendelea. — Wa kwanza nilidhani ananichekesha ili nimharibie nywele anyolewe bure.

— Ni kweli, — alisema Mwalimu. — Nilikuwepo. Mimi ndiye msimulizi wa igizo. Nukta.

Igizo lilikuwa la kanisani, la usiku wa mkesha. Gundi alipewa sehemu ya mwenye nyumba ya wageni, na sehemu yenyewe ilikuwa maneno mawili. Yusufu anabisha, mwenye nyumba anafungua, anasema "Hakuna nafasi", anafunga. Hata mtoto wa chekechea angeyashika. Lakini katika mazoezi ya jana, Gundi alipofungua ule mlango wa maboksi na kumwona binti wa kwaya amesimama na mto tumboni na mkono kiunoni, ulimi ulimganda. Ulipoachia, ulitoa kile ambacho umekuwa ukimwambia kila aliyesimama mbele ya kibanda chake na haja:

"Njooni kesho."

Kanisa zima lilicheka. Mariamu alicheka mpaka mto ukamshuka magotini, mazoezi yakasimama ili afungwe upya. Yusufu alisema yeye mwenyewe ana kiatu kwa Gundi tangu kwaresima.

— Sasa mimi ningekuwa Yusufu, — alisema Birika huku akimimina, — ningefurahi. Nikiambiwa hakuna nafasi, naenda zangu nimekata tamaa. Nikiambiwa njoo kesho, nina tumaini.

— Wewe hujawahi kupeleka kiatu kwa huyu, — alisema Waziri. — Tumaini la Gundi linaua.

Gundi alitoa misumari mdomoni.

— Mnacheka. Kesho nitayasema.

— Umesikia? — Waziri alimgeukia Mwalimu. — Kesho tena!

Walicheka wote watatu, na Gundi alitabasamu kwa heshima ya kahawa. Hakuwaambia kilichomgandisha ulimi. Hakuwa amemwambia mtu.

Gundi ana binti mmoja. Binti huyo aliacha chuo akamfuata dereva wa lori, na siku alipokuja kuchukua nguo zake, baba alimwambia: ukivuka kizingiti hiki na huyo mtu, chumba chako nitakijaza viatu. Binti alivuka. Gundi akafanya kama alivyosema. Kila kiatu ambacho mwenyewe hakurudi kukichukua, na kwa fundi wa njoo kesho viatu hivyo ni vingi, kiliingia kwenye boksi, na boksi likaingia chumbani. Kitanda alikifungua akakiegemeza ukutani. Boksi likafuata boksi, mpaka mlango ukawa unafunguka nusu.

Dereva wa lori alikwisha kwenda na lori lake. Palibaki mtoto wa kike, mjukuu, ambaye sasa anatembea na ambaye Gundi hajamwona. Picha yake imo kwenye simu ya mkewe. Gundi amekataa kuionyeshwa mara nyingi. Aliitazama mara moja tu, mkewe akiwa anaoga.

Jumamosi iliyopita mkewe alimwambia: mwanao anauliza, waje Krismasi, yeye na mtoto?

— Chumba kimejaa, — Gundi alijibu.

Mkewe hakubishana. Alikwenda zake kwenye kikao cha akina mama, na siku iliyofuata ikasomwa kanisani orodha ya waigizaji.

Na asubuhi hii, kabla Gundi hajatoka kufungua kibanda, mkewe alikuwa amemwambia tena, akimkabidhi chai: "Basi la alasiri lina viti vichache. Wakikosa hilo, kesho hakuna tiketi. Anangoja neno lako, si langu." Gundi alisema atamjibu kesho. Alipoona mkewe anamtazama, akachukua nyundo akatoka.

— Tatizo, — alisema Mwalimu, akikipuliza kikombe, — ni kwamba mnamgombania mtu ambaye hayupo. Nendeni mkasome. Imeandikwa kwamba nafasi haikupatikana. Haikuandikwa kwamba palikuwa na mtu aliyefungua mlango akakataa. Mwenye nyumba ya wageni ni mtu wa maigizo. Nukta.

— Hayupo? — Gundi aliinua uso kwa mara ya kwanza.

— Hayupo.

— Kwa hiyo mimi nimepewa kuwa mtu asiyekuwepo?

— Na bado ukamkosea maneno, — alisema Waziri.

— Hayo ndiyo mambo yenu, — alisema Birika. — Mimi dini yangu nyingine, lakini Bibi Mariamu tunamjua. Kwetu sisi uchungu ulimshika akiwa peke yake, chini ya mtende. Hakuna nyumba ya wageni, hakuna mlango. Nyinyi mmeongeza mtu katikati ili mpate wa kumlaumu.

— Si kumlaumu, — alisema Mwalimu. — Ni kufundishia.

— Mwalimu, kwa lugha yako, kufundishia na kulaumu vina tofauti gani? — Birika aliuliza. — Mimi nimesoma kwako.

Kutoka duka la simu upande wa pili wa barabara, spika ilianza wimbo wa Krismasi uleule uliopigwa jana na juzi. Kioo cha duka kilikuwa kimebandikwa pamba, iwe theluji. Hakuna mtu wa mtaa ule aliyewahi kuiona theluji, ila kila mwaka inabandikwa, na kila mwaka mbuzi wa jirani huja kuionja.

— Ndiyo Krismasi iliyobaki hiyo, — Mwalimu alisema, akionyesha kwa kidevu. — Pamba na kelele. Mtu anaulizana na mwenzake umevaa nini, mnapika nini, mnakwenda wapi. Hakuna anayeuliza nani amezaliwa. Siku ya kuzaliwa ya mtu, mwenyewe hakualikwa.

— Usiseme hivyo, Mwalimu, — alisema Waziri. — Mimi naiona Krismasi kuliko wewe. Wiki hii nanyoa mpaka mkono unakufa ganzi. Mtu hajakanyaga kanisani mwaka mzima, lakini siku hiyo anataka aingie na kichwa kisafi. Huyo anamheshimu mwenye siku.

— Anawaheshimu wasichana wa kwaya.

— Vyovyote. Wahenga walisema, nyumba njema si mlango. Maana yake mtu asafishe kichwa kwanza, ndani kutafuata.

— Hiyo siyo maana yake hata kidogo.

— Ndiyo maana ya siku hizi.

Gundi alikuwa anashona ukingo wa kiatu cha mtoto, cheusi, kidogo kuliko kiganja chake. Wiki hii kibanda kilikuwa kimejaa viatu vya watoto. Ndiyo Krismasi aliyoijua yeye: akina mama wakileta viatu vya mwaka jana vishonwe viwe vya mwaka huu, wakibonyeza kidole mbele kuona kama mguu bado unaingia. Aliukadiria mguu wa kiatu hiki. Wa mtoto mwenye umri wa kuanza kutembea. Akakishona upesi, akakiweka nyuma ya vingine.

— Gundi, — aliita Birika. — Wewe ndiye mwenye nyumba. Tuambie. Kwa nini ulikataa?

— Nyumba ilikuwa imejaa.

— Imejaa kweli au imejaa ya kusema?

— Imejaa kweli, — alisema Gundi, kwa sauti iliyopanda kuliko alivyotaka. — Mtu akisema pamejaa, na pamejaa, amekosa nini? Amesema uongo?

— Hajasema, — alisema Mwalimu.

— Basi.

— Ngojeni, ngojeni, — Waziri alisogea, na Mwalimu akainuka kidogo upande wake bila kupenda. — Hapa mimi nina habari za ndani. Ile ilikuwa siku ya kuhesabu watu. Watu wakihesabiwa, nani anahesabu? Maofisa wa serikali. Maofisa wanalala wapi? Nyumba za wageni. Kwa hiyo vyumba vyote vilikwisha kushikwa na wakubwa kwa barua. Angempa Yusufu chumba cha mkubwa, kesho yake angefungiwa biashara. Huyo bwana alikuwa ametishwa.

— Ushahidi? — aliuliza Mwalimu.

— Mwalimu, kama kungekuwa na ushahidi, ingekuwa habari za ndani?

— Mimi naona alikuwa mgonjwa, — alisema Birika.

— Hapo sasa! — Waziri alidaka. — Mgeni njoo, mwenyeji apone. Apone nini kama hakuwa mgonjwa? Bwana yule alikuwa kitandani na homa. Aliyefungua mlango ni mtumishi.

— Msemo huo maana yake mgeni huja na heri, — alisema Mwalimu, akiweka kikombe chini taratibu kama anayeweka chaki. — Mwenyeji hupona njaa, hupona upweke. Wewe Waziri, methali huzichukua kama kofia za watu msikitini, yoyote inayokuenea.

— Viatu, — Birika alisahihisha. — Msikitini tunaacha viatu.

— Nukta, — alisema Waziri kabla ya Mwalimu.

Kahawa ya pili ilimiminwa. Hapa ndipo mambo hupotea njia kila siku, kwenye kikombe cha pili, na hakuna aliyewahi kupendekeza waishie cha kwanza.

— Nawaambia tena, — Waziri alisema. — Yule bwana anastahili sanamu. Fikirini. Nyumba ya wageni imejaa walevi, wahesabu watu, kelele, kikohozi. Mama ana uchungu. Utamweka huko? Yeye akampa zizi. Kuna joto, kuna faragha, kuna maziwa. Kwa lugha ya leo, amempa chumba cha wageni mashuhuri. Na sisi kila mwaka tunamzomea!

— Hata mimi ninaanza kufikiri, — alisema Mwalimu, na wenzake wakamtazama, kwa sababu Mwalimu akianza kufikiri kahawa ya pili huisha. — Kama alikuwepo, nasema kama, basi alikuwa na mke. Mwanamume hawezi kuendesha nyumba ya wageni peke yake, shuka tu zingemshinda. Na kama alikuwa na mke, mke alijua. Mwanamke hawezi kumwona mwenzake katika hali ile asijue. Kwa hiyo ama mke alikataa...

— Hakukataa, — alisema Gundi.

— Umejuaje?

Gundi aliinama juu ya kiatu.

— Nasema tu. Mwanamke hangekataa.

— Haya. Basi mke alitaka, mume akakataa, mke akanyamaza. Na mwanamke akinyamaza, ujue ameanza kazi. Nukta.

— Hilo nimelijua kwa gharama, — alisema Birika.

Waziri alikuwa amekodoa macho, kidole hewani.

— Gundi. Hizi sehemu za igizo, nani aliyezigawa?

— Kamati.

— Kamati ya nani?

— Ya akina mama.

— Mwenyekiti wake nani?

Gundi alivuta uzi mpaka ukalia. Nyuma yake, ndani ya nyumba, palisikika maji yakimwagwa na sufuria ikiwekwa juu ya sufuria.

— Mke wangu, — alisema.

Waziri alifungua mdomo. Birika alimkanyaga mguu. Wote watatu walijua kwamba binti wa Gundi aliondoka, kama mtaa mzima ulivyojua. Hawakujua kwamba ameomba kurudi. Lakini walihisi kwamba mazungumzo yamekanyaga kitu, na kijiwe chenye adabu kikikanyaga kitu hubadili njia kwa kelele.

— Mimi nimepata jibu la mwisho! — Waziri alipayuka. — Mwenye nyumba ya wageni alikuwa fundi viatu!

— Loo.

— Sikilizeni. Nyumba ya wageni ilikuwa biashara ya pembeni. Yusufu kabisha, kaambiwa njooni kesho. Yusufu ni seremala, fundi mwenzake, anajua kesho ya mafundi ni lini. Ndiyo maana hakungoja, akaenda zizini moja kwa moja. Na wale wachunga kondoo, mmewahi kuona picha wamevaa viatu? Peku wote! Viatu vyao viko wapi? Kwa fundi!

Mwalimu alijaribu kukunja uso, akashindwa. Alicheka mpaka benchi likatikisika na kahawa ya Birika ikamwagikia mkononi. Gundi naye alicheka, cheko la kweli la kwanza siku hiyo, na ni katikati ya cheko hilo mwanamke alisimama mbele yao na ndala ya ngozi mkononi na mguu mmoja peku.

— Habari zenu. Fundi ni nani?

— Huyu hapa, — alisema Waziri, — ila tukuonye.

Alikuwa msafiri. Begi moja begani, jingine kichwani. Soli ilikuwa imebanduka akitokea stendi moja kwenda nyingine, na gari lake la kwao lilikuwa karibu kuondoka. Gundi aliipokea ndala, akaigeuza, na midomo yake ilikwisha kushika umbo la neno lile. Kisha akaona wote watatu wanamtazama mdomo.

— Kaa, mama, — alisema. — Ni kazi ndogo.

— Mashahidi mpo, — alisema Waziri.

Walimsogezea nafasi katikati, Birika akasimama. Gundi alimtandikia kipande cha boksi aweke mguu. Birika alimpa kahawa bila kuuliza. Mazungumzo hayakukatika, kwa kuwa mgeni kijiweni si sababu ya kunyamaza, ni sababu ya kuanza upya, na Waziri alimweleza yote: maofisa, homa, zizi la wageni mashuhuri, wachunga kondoo peku. Mwanamke alisikiliza akinywa taratibu. Alicheka pale pa viatu. Gundi alikwangua gundi ya zamani, akapaka mpya, akaipuliza ikauke.

— Na wewe, — Waziri alimalizia, — uliyekuja na macho mapya, unaonaje? Yule bwana ana kosa au hana?

— Mimi sijui mambo makubwa, — alisema mwanamke. — Ila kuna kitu mmenichanganya. Mmesema nyumba ilijaa kabisa.

— Kabisa, — alisema Mwalimu.

— Huyo mwenye nyumba, yeye mwenyewe usiku ule alilala wapi?

Spika ya upande wa pili ilikuwa kati ya wimbo na wimbo.

Mwalimu aliinua kikombe, akakuta kimekwisha. Waziri alisema:

— Swali zuri sana, — kama wasemavyo wakubwa. Alitazama kitambaa chake cha kunyolea, akakikunja. Birika, ambaye si dini yake, alimwongezea mgeni kahawa.

Gundi alikuwa ameishika ndala kwa mikono miwili, akiibana ili ishike. Gundi ya viatu huhitaji kubanwa kidogo tu. Yeye aliendelea kuibana. Alikuwa anaona chumba chake mwenyewe, chumba cha kulala, pale palipo na kitanda kipana na kabati, na kati ya kitanda na kabati sakafu wazi, iliyofagiliwa, ambayo kila usiku huivuka kwenda kulala.

— Fundi, — alisema mwanamke kwa upole. — Gari langu.

— Ee. Samahani, mama.

Alipiga misumari ya pembeni, akaipinda ndala, ikashika. Mwanamke alivaa, akakanyaga mara mbili, akawashukuru kwa kahawa na kuwatakia heri ya Krismasi, Birika pia. Kisha akaenda zake kwa haraka, begi kichwani halikuyumba.

— Sasa swali kama hilo, — Waziri alianza, — mtu unamjibu...

Gundi alisimama. Alijipangusa mikono, akaingia ndani ya nyumba. Walisikia mlango ukisukumwa, ukikwama, ukisukumwa tena. Kitambo kidogo alitoka amekumbatia boksi, akaliweka juu ya benchi, pale alipokuwa amekaa mwanamke. Akarudi. Akaja na la pili.

— Vipi tena? — aliuliza Birika.

— Nisaidieni.

Mwalimu alivua koti. Mlango wa chumba ulifunguka nusu, kwa hiyo Waziri, aliye mwembamba, aliingia akawa anapitisha maboksi nje, na kila boksi alilitangaza kama mnadani: buti bila mwenzake, viatu vya harusi, kandambili za mtu mwenye mguu wa ajabu. Viatu vyake mwenyewe alivikuta kwenye boksi la nne, vile alivyomwomba mkewe msamaha akidai vimeibiwa. Aliviweka kando kimya. Benchi lilijaa, wakapanga juu ya yale ya kwanza.

Nyuma ya boksi la mwisho kilikuwepo kitanda, mbao kwa mbao, kimeegemea ukuta na buibui juu yake.

— Hiki hakisimami, — alisema Mwalimu. — Bolti zake ziko wapi? Muda wote huu, zitakuwa zimekwisha kupotea.

Gundi alitoka hadi kibandani. Alirudi na kopo la rangi ya viatu lililofungwa kwa mpira. Alilifungua. Bolti zilikuwa ndani, zote, zimepakwa mafuta zisishike kutu.

Waziri alizitazama bolti, akamtazama Gundi.

— Akiba haiozi, — alisema.

— Waziri! — alisema Mwalimu. — Umeipatia.

— Nimepatia nini?

— Methali. Umeiweka pake. Nukta.

Kitanda kilipokuwa kikisimama, mke wa Gundi alitokea mlangoni. Alikuwa na ufagio mkono mmoja na simu mkono wa pili, na haikujulikana alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango kwa muda gani. Alimpa mumewe simu. Ilikuwa inaita tayari.

Gundi aliipeleka sikioni. Wenzake walianza kutoka, lakini chumba kilikuwa kidogo na kitanda kilikuwa njiani, kwa hiyo walisikia.

— Ni mimi, — alisema Gundi. Kisha alisikiliza. — Ee. Mama yako ameniambia. Chumba... — alisita. — Chumba kipo.

Upande wa pili pakawa na maneno mengi, au kilio, au mtoto.

— Hapana, — alisema Gundi. — Isiwe kesho. Pandeni la leo.

Alimrudishia mkewe simu, akachukua spana, akaikaza bolti iliyokwisha kukazwa. Mkewe alifagia. Ufagio ulipofika miguuni pa Gundi ulimgusa, akausogezea mguu.

— Jioni mazoezi ya mwisho, — alisema mkewe. — Yale maneno yako utayaweza? Au tumpe mwingine?

Gundi alifikiri.

— Nitayaweza, — alisema. — Sasa ni igizo tu.

Nje, jua lilikuwa limefika kwenye maboksi. Benchi lote, kutoka mwisho wa Mwalimu mpaka mwisho wa Waziri, lilikuwa na viatu vya watu wasiorudi, safu juu ya safu, mpaka ubao umepinda katikati. Birika alikuwa amemimina kahawa ya tatu na wote watatu walikuwa wamesimama nayo juani, vikombe mkononi, kama watu waliofika msibani mapema. Waziri alizunguka benchi mara moja. Alijaribu kusukuma boksi moja kwa makalio. Halikusogea.

— Gundi! — aliita kuelekea ndani. — Na sisi tukae wapi?

Ndani nyundo ilinyamaza kidogo.

— Njooni kesho, — Gundi alijibu.